Milango Kumi na Minne ya Jumba la Maigizo

Mwaka wetu wa mwisho wa masomo, mwalimu wa usanifu wa majengo aliingia darasani na kuandika ubaoni: jumba bora la maigizo. Akageuka, akapangusa chaki kwenye suruali, akatukataza kumuuliza ni nani atakayelijenga. Tulichore, alisema, kama vile kila kitu kinawezekana. Darasa zima lilicheka kidogo. Kwetu Butembo, mashariki ya Kongo, hatuna mazoea ya sentensi kama hiyo.

Chuo chetu kilikuwa na sehemu mbili, moja Butembo na nyingine Beni, na kazi za vitendo tulizifanya pamoja. Mwalimu akaamua kila kikundi kiwe na watu wanne, wawili wa huku na wawili wa kule.

"Batu ba Beni na batu ba Butembo, bote bako na macho na masikio," alisema. "Mutatumika pamoja. Mutu asiniletee kazi ya upande moja."

Upande wa Butembo tulikuwa mimi na kijana mmoja wa mtaa wa Mususa, ambaye baba yake ana karakana ya mbao. Mimi ni mtoto wa wakulima Wakatoliki. Mama alilima viazi upande wa Lubero na kuviuza sokoni kwetu, na jumba pekee la maigizo nililolijua ni sale ya paruwasi, ule ukumbi wa kanisa letu, ambako nilipokuwa na miaka tisa nilicheza mwanamke anayelia msalabani. Kutoka Beni alikuja dada mmoja Mwislamu, binti wa msafirishaji mwenye Fuso, msemaji, mwepesi wa kukosoa. Wa nne alikuwa kijana mkimya. Familia yake ilitoka kijiji kimoja cha juu ya Mutwanga, kwenye miteremko ya Ruwenzori, ikakimbilia Beni, na hapo Beni walikuwa wamepanga vyumba viwili yeye na baba yake. Hayo tu ndiyo niliyoyajua juu yake mwanzoni, na sikuuliza zaidi.

Tulikutana mara ya kwanza siku ya posho, Jumamosi kama waandikavyo vitabuni, katika ile karakana ya Mususa. Tulikaa juu ya mbao katikati ya vumbi la msumeno. Tulianza kwa kubishana juu ya kiwanja. Dada wa Beni alitaka jumba lijengwe kwao.

"Butembo muko na masale kila fasi," alisema. "Siye tuko na nini? Tuko na mahema."

Kijana wa Mususa alitaka Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, kwa sababu mahali ni tambarare. Dada akamuuliza kama waigizaji watasimama kila ndege inapopita. Akajibu kwamba ndege zenyewe ni za kuhesabika, watu watazizoea. Mwishoni Rughenda ilishinda, kwa sharti kwamba kuta za upande ule ziwe nene. Kijana wa Mutwanga alikuwa ameinamia karatasi yake akichora.

Tukagawana kazi. Mimi jukwaa na viti, kijana wa Mususa paa na mbao zote, dada taa na vyumba vya waigizaji. Yeye wa Mutwanga akaomba ukumbi wenyewe, kuta na njia za kupita. Tulipokutana tena baada ya juma moja, kila mmoja alitandika karatasi yake sakafuni. Ya kwake ilikuwa safi kuliko zetu zote, mistari kama imechorwa na mtu asiyekuwa na pumzi. Ila kila ukuta ulikuwa na milango. Nilihesabu. Milango kumi na minne, kwa ukumbi wa watu mia tatu.

Nikacheka. Nataka niandike kama ilivyokuwa: nilicheka kwa sauti, nikashika karatasi yake na kumwonyesha kijana wa Mususa.

"Hii ni jumba ya maigizo ao ni soko?" niliuliza. "Mwangaza itaingia kila fasi. Sauti itatoka yote. Batu bataingia kununua dagaa."

Kijana wa Mususa naye akacheka. Mwenye mchoro aliichukua karatasi mkononi mwangu taratibu, akaikunja mara mbili. Akasema atarudia. Akatoka nje kwenda kunywa maji, na akakaa huko muda mrefu.

Dada wa Beni hakucheka. Alinishika mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma, mahali wanaporundika maganda ya mbao. Alisema kwa sauti ya chini, akiniita yaya kama mtu anavyomwita mkubwa wake.

"Usimuchekeleye tena, yaya."

"Nimefanya nini?"

"Kule kwabo, bale batu ya silaha balikuya siku ya yenga, siku ya Mungu, batu bako mu maombi. Kanisa ilikuwa na mulango moja tu. Mama yake alibakia pale."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema si yeye wa kuisema habari hiyo, na hata sasa angenyamaza kama nisingecheka.

Nilirudi ndani, nikamsubiri. Alipoingia nilianza kumwomba msamaha kwa maneno marefu, yale ninayoyatumia ninapoona aibu. Alinikatiza.

"Hakuna shida," alisema. "Ni kweli, sauti itatoka. Tutafute namna."

Basi tukatafuta namna. Kwa juma zima hakuna aliyetaja tena kupunguza milango. Kijana wa Mususa ndiye aliyepata suluhisho: kila mlango uwe milango miwili, wa ndani na wa nje, na katikati chumba kidogo chenye giza, ili mwanga na kelele vifie humo kabla ya kufika ukumbini. Kijana wa Mutwanga alilipenda wazo hilo, ila akaweka masharti yake. Milango yote ifungukie nje. Kusiwe na kizingiti cha kukwaza mguu. Na kusiwe na komeo wala kufuli upande wa nje.

"Mutu asivute," alisema. "Asukume tu. Mutu mwenye kuogopa hajuake kuvuta."

Mwalimu alipopita kutukagua alisema vitabu vina vipimo vya milango, tuvitumie. Kijana wa Mutwanga akajibu kwa heshima kwamba atavitumia, lakini siku ya posho iliyofuata alituambia tusimamishe mbao mbili karakanani, wima. Akatupitisha katikati yake huku akizisogeza na kupima kwa utepe. Alitupitisha mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kisha wawili wakikimbia. Kisha akamwambia dada ajifunge mgongoni gunia dogo la maranda kama mtoto, apite na mimi nikiwa nimemshika mzee, na mzee akawa kijana wa Mususa, aliyekunja mgongo na kukohoa. Tuliangusha mbao mara mbili. Baba mwenye karakana aliacha randa yake akaja kutuangalia, akauliza kama hii ndiyo shule tunayosomea. Tulicheka mpaka machozi. Kijana wa Mutwanga pia alicheka, mara ya kwanza niliyomwona akicheka, akiwa na utepe shingoni. Kisha akaandika kipimo katika daftari na kukipigia mstari mara mbili.

Siku zile zilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu baadaye, kila ninaposimulia mambo haya, watu huniwekea sura ya huzuni tangu neno la kwanza, kana kwamba tulijua.

Maketi, yaani mfano mdogo wa jumba lenyewe, tuliigawa nusu mbili kwa sababu ya barabara. Sisi wa Butembo tulitengeneza jukwaa na sakafu kwa tiripleksi, zile mbao nyembamba za kubandikwa. Wao wa Beni walitengeneza kuta, paa na ile milango yote kwa karto, karatasi nene za maboksi, milango ishirini na minane ukihesabu ya ndani na ya nje, kila mmoja na bawaba ya kitambaa. Siku ya kujitetea mbele ya juri, wale watahini, tungeunganisha. Dada alikuwa ananitumia picha kwa simu: vidole vya yule kijana vikishika wembe, milango midogo imepangwa juu ya mkeka kama biskuti.

Majuma mawili kabla ya juri, baba wa kijana wa Mutwanga aliamua kupanda kule juu, kijijini kwao, kuvuna kakao. Hakuna aliyekuwa anakaa kule tena, lakini mashamba yalikuwa yamebaki, na kakao haingoji amani. Wengi walifanya hivyo: wanapanda kwa pikipiki asubuhi, wanavuna, wanashuka kabla ya jua kuzama. Mzee alikuwa na goti bovu. Kijana akasema atamsindikiza.

Alinipigia simu siku ya tano, Ijumaa, akiwa tayari Mutwanga kwa ndugu yao mmoja. Mtandao ulikuwa unakatika. Aliniuliza kama jukwaa limekauka gundi. Nikamwambia limekauka. Akaniuliza kama nimeacha nafasi nyuma ya jukwaa kwa ajili ya mlango wa waigizaji.

"Bale banacheza pia ni batu," alisema.

Nilimwambia nimeacha. Kwa kweli sikuwa nimeacha. Nilikuwa nimeusahau, na niliwaza nitaukata kesho yake kabla hajajua. Akaniambia atarudi Beni siku ya pili, Jumanne, na tutaonana Butembo kwenye juri. Simu ikakatika.

Walimuua siku ya kwanza, Jumatatu, shambani. Dada alinipigia siku ya tatu, Jumatano. Alikuwa ametulia kiasi cha kunitisha. Alisema watu wa silaha walitokea upande wa msitu mchana mweupe. Kwamba mzee alikuwa ameshuka na gunia kuelekea mahali pikipiki zinapongoja, ndiyo maana yuko hai. Kwamba vijana wa kijiji cha chini walipanda na askari, wakawakuta watu watano, wakawazika palepale kwa sababu joto lilikuwa kali na hakukuwa na njia ya kuwashusha. Baba yake hakufika kuona kaburi likichimbwa. Aliletewa viatu.

Nilikuwa nimesimama sokoni kando ya mama. Aliona uso wangu, akaacha kupima viazi. Nilimpa simu, dada akamweleza yeye.

Juri ilikuwa Ijumaa. Tulimwomba mwalimu aahirishe. Alitusikiliza ameinamisha kichwa, akaenda ofisini kuuliza, akarudi akasema haiwezekani. Mmoja wa wajumbe alikuwa amekuja kutoka mbali na angeondoka na ndege ya kesho yake. Alisema tunaweza kukosa na kurudia mwaka. Kijana wa Mususa akataka tukose. Dada, kwenye simu, akakataa.

"Alikata milango ishirini na munane," alisema. "Niiache ikae mu chumba?"

Alikuja na Fuso ya baba yake, maketi magotini kwake, imefunikwa kwa kanga. Barabara ya Beni hadi Butembo si ndefu, lakini kuna vizuizi, na kila kizuizi askari alitaka kufunua aone. Mmoja alimuuliza ni nini. Akasema ni nyumba. Askari akauliza nyumba ya nani, akasema si ya mtu. Aliponieleza haya hakuwa analia. Tuliunganisha zile nusu mbili kwenye korido ya chuo. Ziliingiana bila kupungua hata milimita. Mlango wa waigizaji nilikuwa nimeukata siku iliyotangulia, kwa kisu cha jikoni, na ulikuwa umepinda. Dada aliuona.

Wajumbe wa juri walikuwa watatu. Yule wa mbali alikuwa mtu mpole mwenye sauti nzuri. Alizunguka meza, akapongeza viti, akapongeza paa. Kisha akainama, akasukuma mlango mmoja mdogo kwa ncha ya kalamu, ukafunguka, akausukuma wa pili.

"Lakini hii milango," alisema. "Iko mingi kupita kiasi. Ukumbi wa batu mia tatu? Mumeharibu kuta zote. Nyumba yenu inavuja kama kitunga. Wazo ilitoka wapi?"

Ilikuwa zamu yangu kujibu. Nilikuwa nimejiapiza kusema kila kitu. Badala yake nilizungumza juu ya vyumba vya katikati, unene wa kuta, mwendo wa hewa. Nilizungumza vizuri. Nilisikia sauti yangu ikizungumza vizuri, nikajichukia, na sikuweza kuacha. Dada ndiye aliyenikatiza.

"Wazo ni ya mwenzetu mwenye hayuko," alisema.

"Yuko wapi?"

"Balimuua siku ya kwanza."

Yule bwana alirudisha mlango kwa kidole, taratibu, ukafunga. Akakaa. Wenzake waliangalia karatasi zao. Yeye akasema, bila kutuangalia, kwamba anatoa pole, na kwamba tunaweza kwenda.

Tulipata alama za kutosha kupita. Kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, mbele ya jina la mwenzetu, waliandika kwamba hakufika. Nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia hilo si kweli, kazi yake ilifika. Alifungua dirisha.

"Mutoto yangu," alisema, "ile karatasi haiko na fasi ingine ya kuandika."

Sijamlaumu. Nilimwona siku hiyo hiyo akilifuta neno lile kwa kalamu yake mwenyewe, kwenye ile karatasi ya ukutani, akaacha nafasi tupu.

Siku mbili baadaye tulikwenda Beni kwa matanga, sisi watatu. Kwao mwenzetu kulikuwa na uwanja mdogo wenye bashi, turubai iliyofungwa kwenye mti wa parachichi, na chini yake wanaume wamekaa. Wanawake walikuwa ndani wakipika. Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mguu mbovu umenyooshwa. Tulipiga magoti kumsalimu. Dada akamweleza sisi ni nani.

"Ninyi njo mulikuwa naye mu ile nyumba?" aliuliza.

"Ndiyo, papa."

"Aliniambiaka iko na milango kumi na ine. Nikamuuliza, batu gani banahitaji milango kumi na ine? Akaendelea kukata karto."

Tulimweleza. Kijana wa Mususa alichukua kijiti, akachora ukumbi katika vumbi, akaonyesha viti, jukwaa, vyumba vidogo vya giza. Mzee alifuata kwa macho. Alitaka kujua kama mtu wa mstari wa mbele kabisa naye ana mlango. Tukasema anao. Akatikisa kichwa. Kisha akauliza kama tunajua mambo ya mama wa mwanawe.

"Alikufia mu kanisa, papa," dada alisema. "Bale batu balimuua."

"Hapana," mzee alisema. "Bale batu balikuwa bado ku barabara. Tulisikia tu risasi. Alikufia ku mulango."

Wanaume wawili waliokuwa karibu waliinuka na kusogea mbali kidogo. Nafikiri waliijua habari hiyo, na huenda walikuwamo kanisani siku ile.

"Mutoto alikuwa mbele," mzee aliendelea. "Mama yake alikuwa nyuma yake, anamushika ku shati. Batu balisukuma. Mama akaanguka pale ku kizingiti, mutoto akatoka na shati imepasuka. Batu bengine bote balipita juu ya mama. Hakuna mwenye alitaka. Mulango ilikuwa moja." Alijipangusa mdomo kwa kiganja. "Miye pia nilipita pale. Nilijua ni yeye niko nakanyaga. Mutoto aliniona."

Ningependa kuandika kwamba nilimshika mkono, lakini nilikuwa naangalia chini, kwenye mistari ya kijiti. Dada ndiye aliyesogea, akakaa kando ya kiti chake ardhini, na akabaki hapo mpaka tulipoitwa kula. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo. Mzee hakula. Tulipoaga alitushukuru mmoja mmoja, kwa Kinande, wasingya, wasingya, wasingya, kama tulikuwa tumemletea kitu.

Dada hakumaliza mwaka ule. Baba yake aliacha njia ya Beni baada ya gari la mwenzake kuchomwa, wakahamia Kasindi mpakani, na huko akaolewa. Huwa ananipigia. Tunaongea juu ya watoto wake, homa zao, bei ya sabuni. Kijana wa Mususa yuko karakanani na baba yake. Maketi ilikaa chuoni mwaka mzima juu ya kabati, kisha wakahitaji kabati. Mimi nachora maduka na maghala, na Rughenda hakuna jumba lolote la maigizo, wala sijawahi kusikia mtu akilitaja.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Beni, na nilipomaliza nilikwenda kumsalimu mzee. Niliwakuta watu wengine wanaishi katika vile vyumba viwili. Mama mmoja aliyekuwa anaosha vyombo kwenye baraza aliniambia mzee alirudi kule juu tangu msimu uliopita, peke yake, na panga na sufuria moja. Walimkataza, akasema shamba limekuwa msitu. Akaniuliza kama ninayo namba yake ya simu, maana wao wameipoteza.

Nilikuwa nayo. Nilipiga mara tatu nikiwa nimesimama pale barazani, mama yule akinitazama na mikono yenye povu. Haikuita. Nikamwandikia namba kwenye kipande cha karto ili naye ajaribu siku nyingine, nikamshukuru, nikatoka barabarani kutafuta gari la kurudi Butembo.